Somo: Kuwalaza watu wasio na makao kwenye ukumbi wa kanisa, Mombasa

Wapendwa, naandika kwa makanisa ya kisiwani na ya ng'ambo yanayotaka kufungua ukumbi usiku. Chakula hakisumbui, ukitangaza Jumapili, kufikia Jumanne una mchele, maharage na nazi. Malazi huharibikia mlangoni, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

1. Ruhusa
Baraza la kanisa liamue kwa maandishi, maana wachungaji huhamishwa. Mwoneni chifu, mzee wa mtaa na kituo cha polisi kilicho karibu. Halafu wabisheni hodi majirani kabla hawajasikia kwa wengine. Mji huu majirani wengi ni Waislamu, na hata wageni wenu wengi watakuwa Waislamu. Nyama itoke bucha ya halali, basi, sufuria iwe moja kwa wote.

2. Ukumbi
Madirisha yawe wazi usiku kucha, kwa ajili ya joto la kaskazi na pia kwa sababu kifua kikuu huenea kwenye chumba kisicho na hewa. Wekeni vyandarua. Magodoro yavikwe reksini, yafutwe kila asubuhi. Ya kitambaa yatawafugia kunguni. Kati ya godoro na godoro acheni kama mita moja. Milango miwili ifunguke kutoka ndani, isitiwe kufuli. Jiko la makaa lisilale ndani hata mvua ikinyesha: moshi wake usioonekana unaua. Wanawake wawe na chumba chao, choo chao, na mwanamke wa kushika ufunguo. Maji ya kisima yenye chumvi yatatosha kuogea. Ya kunywa nunueni kwa mitungi.

3. Mlango
Wawe wawili kila usiku, mwanamume na mwanamke, na wanaofahamiana na wageni. Fungueni saa kumi na mbili na nusu jioni, fungeni saa tatu. Saa ikibadilika-badilika, watu watagonga hadi usiku wa manane.

Daftari liulize machache: jina analotaka kuitwa, dawa anazotumia, mtu wa kupigiwa akiugua. Msidai kitambulisho, wengi waliibiwa wakiwa wamelala barazani.

Mzigo ndio siri kubwa. Gunia la mtu lifungwe kwa kamba mbele yake, litiwe kibandiko chenye namba, naye apewe mkononi kipande cha kadi chenye namba ileile. Msilipekue. Mwambieni atoe mwenyewe kisu, chupa na gundi ya kunusa, viingie kwenye ndoo, avichukue asubuhi (gundi sisi tunaimwaga, na kelele za mwenyewe tunazivumilia). Nimeona mzee akilala ameshika kile kipande cha kadi kama hirizi.

Aliyelewa aingie ikiwa anatembea na hagombani. Alazwe kwa ubavu karibu na mlinda mlango. Akiitwa haamki, anakoroma vibaya au midomo imebadilika rangi, huyo ni wa Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara, saa hiyohiyo. Na mkimkataa mtu, mwambieni siku ya kurudi. Ukimwambia tu “ondoka”, atarudi na jiwe.

4. Asubuhi
Uji saa kumi na mbili, ukumbi uwe mtupu saa moja na nusu. Aliyepoteza kitambulisho apelekwe polisi kuripoti, kisha Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali. Anayekohoa wiki mbili akapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu ni bure hospitali za serikali, lakini matibabu kwa kawaida ni miezi sita, na mtu asiye na kabati huzipoteza, mwekeeni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Changamwe: Akija mtoto wa miaka kumi na tatu tufanyeje?
Jibu: Dada, msimlaze na watu wazima, wala msimrudishe barabarani. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Pigeni 116, simu ya kusaidia watoto, usiku huohuo, ripotini polisi, mpewe namba ya OB (daftari la matukio la polisi). Huku mkisubiri, akae na walezi wawili mahali pa mwanga. Kanisa halijapewa leseni ya kulea watoto kwa sababu tu lina ukumbi.

Kijana wa Likoni: Na mateja, waraibu wa dawa za kulevya?
Jibu: Ni wageni kama wengine. Mtu akishikwa na arosto, yaani mwili ukidai dawa aliyoizoea, atatapika, ataharisha, hatalala. Mpe maji na ndoo, usimhubirie. Akitaka kuacha, msindikizeni kliniki ya methadoni (dawa ya kumsaidia kuacha heroini), Kisauni. Nasema msindikizeni, kwa sababu akienda peke yake atapita maskani yake njiani.

Shemasi, Mikindani: Je, ibada ni lazima kabla ya chakula?
Jibu: Hapana, shemasi. Anayetaka kusali, kanisa li wazi. Sahani isingoje “amina” ya mtu. Na tafadhali, kwaya isifanye mazoezi usiku.

Mama wa Changamwe: Tukikosa walinda mlango usiku mmoja?
Jibu: Msifungue. Ila mtu aende Mwembe Tayari na Feri, wanakoshinda wageni wenu, mapema mchana akawaambie, wasije wakakaa langoni hadi giza liingie bila kujua watalala wapi.