Fungate Unguja bila nyama, samaki, yai wala samli: yapangeni haya kabla ya kupanda boti

Wali wa nazi, maharage, mbaazi, kisamvu, ndizi mbichi za tui: mkienda Unguja kula fungate nanyi hamgusi chochote kitokacho kwa mnyama, njaa haitawaua. Vyakula hivyo vilikuwako kabla ya hoteli. Taabu ni kile kinachotiwa sufuriani bila kutajwa, halafu watu wanaowapenda. Basi kaeni chini wote wawili, si bibi harusi peke yake, myapange haya.

Tiketi ya boti na vitambulisho, mapema. Kutoka Dar ni kama saa mbili, na miezi ya kusi, upepo utokao kusini, bahari huchafuka, kwa hiyo msipande mkiwa mmeshindilia.

Chumba, lipieni na kifungua kinywa tu. Mkilipia milo yote kabla, mtajikuta mnakula chipsi na kachumbari kila jioni kwa kuwa pesa imeshaingia kwao. Na msiridhike na jibu la anayepokea simu ya vyumba. Huyo kwake kila kitu "hamna shida". Ombeni ujumbe umfikie mpishi, kwa maandishi, na mtaje kimoja kimoja: nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa, samli, vidonge vya supu. Ukisema "sili nyama" ukanyamaza hapo, utaletewa changu wa kupaka, tena kwa tabasamu.

Chapati, ulizeni imepikwa kwa samli au mafuta. Maandazi, ulizeni maziwa. Mchicha na kisamvu, ulizeni dagaa na kamba. Chipsi, ulizeni mafuta yale yamekaanga nini asubuhi. Halua ina samli, iacheni; kashata za nazi au za njugu zitawatosha. Forodhani, bustani ya vyakula pale Mji Mkongwe, usiku kila mtu atawaita kwenye chapati ile ya mayai wanayoiita pizza, piteni. Tafuteni urojo: mchuzi wa unga, manjano na ndimu au embe bichi, ndani yake bajia, kachori, viazi, chipsi za muhogo na chatne ya nazi. Semeni mapema "bila mishikaki, bila yai", kabla mkono haujafika kwenye bakuli. Teremshieni kwa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Migahawa ya Kihindi isiyopika nyama ni msaada mkubwa, ila mtindi na samli humo havikosekani, ulizeni hata huko.

Tazameni kalenda. Ramadhani mchana mji hufunga jiko, na kula hadharani ni kutafuta ugomvi. Lakini jioni, jamani! Magimbi, mihogo, viazi vitamu na maboga, vyote vya nazi. Hakuna mwezi wenye vyakula vyenu vingi kama huo, ilimradi muwe na subira na mshinde ndani.

Sasa lile linalosahauliwa na kila mtu: ndugu. Kama upande mmoja una jamaa Unguja, wapigieni simu wiki moja kabla, na apige yule mwenye ndugu.

Mtoto wa kaka yangu alioa binti ambaye miaka na miaka hali cha mnyama, naye akamfuata. Wakapanga chumba Paje, kijiji cha pwani ya mashariki, wakasoma kila mgahawa wa pwani ile, wakaandika orodha ndefu. Bibi mmoja wa ukoo wetu, anayekaa mjini, mitaa ya Ng'ambo, hakuwamo kwenye orodha. Wakapita kumsalimia tu, mikono mitupu ya habari. Yeye alishaarifiwa na majirani kuwa maharusi wanakuja, akaamka kabla ya alfajiri. Jogoo wa kienyeji alichinjwa. Biriani ikapikwa kwa samli ile ya kuagiza Pemba, na mtindi, na viazi vya kukaanga. Wanawake wa mtaa wamejaa ukumbini, mkeka umetandikwa, sinia limeshushwa. Maharusi wakatazamana, wakasema, "Tumeshiba, bibi."

Hakuna jibu baya kuliko hilo. Kwanza ikasemwa bibi harusi ana mimba. Kisha ikasemwa anaringa. Kufikia Ijumaa ilikuwa anaogopa kulishwa kitu, yaani nyumba ile ina uchawi. Mimi nilizipata habari Tanga, zimeshaota mbawa, nikampigia kijana: rudi kwa bibi leo, peke yako, useme ukweli. Akarudi. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Na samaki?" Akaambiwa hata samaki. "Hata dagaa?" Akaguna. Kesho yake mjukuu akaenda Paje na daladala, mapajani ana sufuria la mbaazi za tui zito na vitumbua vimefungwa kwenye kitambaa. Kijana anaapa hawakula kitu kizuri zaidi safari nzima. Ila hadi leo bibi hamtaji yule binti kwa jina. Humwita "yule asiyekula".

Kwa hiyo: simu, wiki moja kabla. Maelezo mafupi, msimhutubie mtu mzima juu ya afya yake. Msiseme tu msichokula. Ombeni kitu anachokipika kwa sifa, "bibi, tunatamani kunde zako za nazi". Hapo mmempa heshima na kazi anayoiweza. Nendeni na sukari, mchele au doti ya kanga. Na akiwakatalia kukaa jikoni, msing'ang'anie kuchungulia sufuria.

Mengineyo mnayajua. Mkienda Kizimbani kwenye mashamba ya viungo, agizeni chakula cha mchana tangu jana yake. Bebeni karanga na ndizi njiani, maana kwenda Nungwi au Paje ni zaidi ya saa moja na daladala haina haraka na njaa yenu. Pesa taslimu muwe nayo. Mabega na magoti yafunikeni mjini. Madafu yasiwazidi siku ya safari, boti ina foleni ya choo. Na doriani, tunda lile la harufu kali, msiingize chumbani, hata kama mwenye hoteli ni rafiki.