Ninavyopogoa mizabibu yangu hapa Mpunguzi, Dodoma

Nusu ekari hii niliachiwa na mama mkwe, na msimu wa kwanza sikutia mkasi hata tawi moja. Niliona uchungu: mti umenawiri, majani mabichi, halafu mimi niukate ubaki visiki? Nilipata msitu wa majani na vichala vya kuhesabu kwa vidole.

Mzabibu asili yake si huku kwetu. Kule Georgia, milima ya Kaukazi, watu walikuwa wakitengeneza mvinyo miaka 8,000 hivi iliyopita, na huko baridi huupukutisha mti ukalala, ukazaa mara moja kwa mwaka. Hata Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, ambako Mholanzi Jan van Riebeeck alipata mvinyo wa kwanza mwaka 1659, mambo ni hayo hayo. Wamisionari wa Kikatoliki walipoileta mizabibu Bihawana, hapa Dodoma, miaka ya 1950, iliingia mahali pasipo na baridi ya kuilaza. Basi kazi ya baridi tunaifanya wenyewe, kwa kiu na mkasi, na ndiyo maana Dodoma tunavuna mara mbili.

Anza kwa kuhesabu kinyumenyume. Kupogoa hadi kuvuna ni kama miezi minne. Mimi hupogoa mvua zikikata, mwanzoni mwa Mei, nivune Septemba kukiwa kukavu. Ukipogoa Oktoba utavuna Februari, na hapo mvua huikuta zabibu inaiva, punje zikapasuka na kuoza. Msimu huo wa pili naufanya nusu ya shamba tu.

Kama unamwagilia, funga maji wiki tatu kabla. Futa mkasi kwa spiriti. Tafuta matawi yaliyozaa, yale ya kahawia yaliyokomaa. Kila moja libakize macho mawili, yaani vifundo vinavyochipua, ukikata upana wa kidole juu ya jicho la pili. Mkato uinamie upande wa pili wa jicho, maji yasilitiririkie. Tawi jembamba kuliko penseli litoe lote. Majani yaliyosalia yapukutishe kwa mkono. Mazima wape mbuzi, wanayapenda kupita kiasi. Yenye ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, choma.

Siku chache mikato itadondosha maji kama machozi. Yaache. Mimi mara ya kwanza nilizunguka shamba zima nikiyaziba kwa tope, wifi yangu akanicheka mpaka akakaa chini.

Kisha weka debe moja la samadi kila shina, rudisha maji. Machipukizi yakifika shubiri moja, nyunyiza salfa kuzuia ubwiri, na iwe asubuhi mapema. Ukinyunyiza juani itababua majani.

Kuvuna, usidanganywe na rangi. Zabibu huwa nyekundu kabla haijakolea sukari. Pasua punje: mbegu ikiwa bado ya kijani, subiri, ikiwa ya kahawia, onja vichala vya juu na vya chini, vya kivulini hasa. Na mnunuzi awe amepatikana kabla hujakata kichala cha kwanza, maana zabibu ya mvinyo haingoji kwenye kreti. Akikukimbia, kamua siku hiyo hiyo uuze mchuzi, yaani maji ya zabibu.