Umealikwa kushangilia densi kwenye televisheni? Soma hii kabla ya kupiga nduru

Mimi ni fundi wa sauti hapa Kisumu. Nimefunga spika kwenye harusi za Nyalenda, mikutano ya injili ya Kondele na matanga ya Siaya hadi jogoo awike. Kwa misimu mitatu sasa nakaa nyuma ya miksa kwenye mashindano ya densi ya vijana yanayorekodiwa kwa televisheni. Kipindi kikirushwa tu, shangazi yangu hunipigia simu kutoka Vihiga: "Mbona mlimfunga jaji mdomo? Tumeona midomo ikicheza, neno hatukusikia." Hatukumfunga, shangazi. Watu wa ukumbini ndio waliommeza.

Hao watu wa ukumbini ndio ninaowaandikia. Sitaki wanyamaze. Ukumbi kimya kwenye densi ni kama chai bila majani. Ila kuna namna.

Kwanza, jiandae kwa kukaa. Kipindi unachokiona nyumbani kwa saa moja, sisi twakirekodi saa nne au tano. Feni huzimwa kwa sababu maiki zinasikia mvumo wake, na joto la Kisumu saa tisa alasiri unalijua. Beba maji na kitambaa cha jasho. Kula, lakini usije umeshiba samaki mzima na ugali wa watu wawili, utasinzia na kamera itakukuta. Firimbi na vuvuzela ziache nyumbani, mlangoni tutakunyang'anya na kuzirudisha ni vurugu. Simu izime kabisa.

Ukishaketi, tazama juu. Utaona vijiti vyeusi vilivyovikwa sponji, vinaning'inia juu ya viti. Hizo ni maiki zenu, watazamaji. Aliyekaa chini yake ajue kwamba kicheko chake, kikohozi chake na mambo anayomnong'oneza jirani kuhusu nguo za mshiriki vyote vinaingia kwangu. Nimesikia mengi. Siku moja nilisikia mama na mwanawe wakigombania nauli ya kurudi Ahero tangu densi ya kwanza hadi ya tatu.

Kabla mshiriki yeyote hajapanda, atakuja mchangamshaji. Huyo mtu mfuateni. Atawaambia mpige makofi madogo, kisha makubwa, kisha msimame, kisha mshtuke "aaah!" kana kwamba mtu ameanguka. Wengi hudhani ni mazoezi tu. Wakati huo mimi ninarekodi. Hayo ni makofi ya akiba, na mhariri atayachomeka pale ambapo yenu halisi yalikuwa hafifu. Jambo hili si geni: Marekani, miaka ya 1950, fundi mmoja aitwaye Charley Douglass alijitengenezea sanduku la vicheko vilivyorekodiwa, na vichekesho vingi vya televisheni vilichekewa na sanduku hilo. Kwa hiyo usipasue koo ukidhani bila wewe kipindi kitapoa. Makofi ninayo ya kutosha. Ninachokosa ni nafasi ya kusikia.

Sasa makofi yenyewe. Viganja vikiwa bapa, sauti inapasuka kama ubao, na maiki hazipendi. Vikunje kidogo kama unayeteka maji, sauti inakuwa nzito na tamu, na ukumbi unasikika mkubwa. Warumi walilijua hili. Kaisari Nero alikuwa na vijana zaidi ya 5,000 wa kumshangilia akiimba, na walifunzwa mitindo yenye majina: nyuki, vigae, matofali. Vigae ni viganja vilivyokunjwa, matofali ni bapa. Mimi nipe vigae.

Tukija kwenye nduru, ngoja niwaeleze nilichokiona msimu wa pili.

Kulikuwa na kundi la vijana wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, wametoka mbali kidogo huku huku Nyanza. Waliingia miguu mitupu. Densi yao ilikuwa na shimo katikati: muziki unakatika, zinapita hesabu nane bila wimbo, miguu tu inakanyaga mbao, ta-ta, ta, ta-ta, kisha wimbo unarudi na wote wanne wanaruka pamoja. Kwenye mazoezi ya asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, niliacha nyaya zangu nikatazama. Zile nyayo zilisikika kama mvua inapoanza kwenye mabati, matone ya kwanza yale makubwa. Niliwafungia maiki mbili ndogo chini ya jukwaa kwa ajili ya hizo sekunde nne tu.

Jioni, muziki ulipokatika, safu za kushoto zilianza nduru. Labda zilidhani densi imekwisha, labda zilidhani mitambo imeharibika na zinawatia moyo watoto. Safu za kulia zikaona zinaachwa, zikaongeza. Maiki zangu za chini ya mbao zilinasa kila kitu isipokuwa nyayo. Wimbo uliporudi, msichana wa mbele aliruka, yeye alikuwa karibu na spika, na mwenzake wa kando akamfuata. Wavulana wa nyuma walikuwa bado wanakanyaga. Mmoja akageuza macho kumtazama mwenzake, na kwenye densi ukishamtazama mwenzako umechelewa tayari. Wawili hewani, wawili chini. Ukumbi ukashangilia zaidi.

Jaji aliwakata alama kwa kutokwenda pamoja. Yeye alikuwa na haki, na watoto hawakuwa na kosa.

Nimelifikiria jambo hili sana, maana sitaki kuwatukana watu wangu. Sisi hatukulelewa kunyamaza mbele ya ngoma. Chukua isukuti ya Waisukha na Waidakho kule Kakamega, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe, na njuga za chuma. Hakuna kiti cha mtazamaji pale. Mama akipiga kigelegele, mpigaji anamsikia, anauvuta mdundo kidogo, anampa nafasi yake, kisha anarudi kwa nguvu. Ohangla ya Waluo ni vivyo hivyo: ukimtunza mwimbaji pesa, atalisimamisha shairi alitaje jina lako na la babako na la kijiji chenu, ndipo aendelee. Makelele yetu ni sehemu ya muziki kwa sababu mwenye ngoma ana masikio.

Wimbo ulio kwenye kompyuta yangu hauna masikio. Haumngoji mama wa vigelegele. Muziki ukiwa wa kurekodiwa, kigelegele hakipati pa kuingia, kinaangukia juu ya mdundo, na mchezaji ndiye anayepotea.

Kwa hiyo, fanya hivi. Wakiingia jukwaani, shangilia unavyotaka. Wakisimama mkao wa kuanza, nyamaza, kwa sababu wanaisubiri noti ya kwanza. Mmoja akirushwa juu au akipindua mwili hewani, toa nduru moja fupi kisha uikate kabla hajatua. Muziki ukikatika, tazama miguu na mabega yao: kama bado kuna kiungo kinachosogea, densi haijaisha. Wakiganda mkao wa mwisho, hesabu moja, mbili. Baada ya hapo paa libomoke, mimi nitakuwa nimeshateremsha vidude vyangu.

Kuna na hii ya kupiga makofi kufuata mdundo, ambayo watu huiona ni msaada. Ni sumu yenye asali. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukiwa umekaa mita 34 kutoka kwenye spika, mdundo unakufikia umechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Unapiga kofi, nalo linachukua muda ule ule kurudi jukwaani. Jumla sehemu mbili za kumi. Kama wimbo una midundo 120 kwa dakika, kila mdundo ni nusu sekunde, basi kofi lako linamfikia mchezaji karibu katikati ya mdundo mmoja na mwingine. Mchezaji anasikia nyimbo mbili. Na tena watu wengi wakipiga makofi pamoja huwa wanaharakisha, hata kwaya za kanisani mmeliona hilo, kuanza mwendo wa punda na kumaliza mwendo wa boda boda. Ukiwa safu ya kwanza au ya pili, piga, lakini taratibu. Ukiwa nyuma, tikisa kichwa. Na ikiwa ni waltz, yenye hesabu ya tatu tatu, tafadhali kalia mikono, kwa sababu sijawahi kusikia ukumbi wa huku ukiipatia.

Majaji. Wengi wetu tumejifunza kushangilia kutoka kwa Sakata, shindano la densi lililokuwa Citizen TV, na kutoka vipande vya Strictly Come Dancing ya Uingereza na Dancing with the Stars ya Marekani, ile ya kwanza iliyoanza 2004 na ya pili 2005. Kule Uingereza jaji aitwaye Craig Revel Horwood akitoa alama ndogo, ukumbi mzima humzomea. Watu wetu wameliona, wakaiga. Lakini Waingereza wana michezo yao ya jukwaani ya msimu wa Krismasi ambapo kumzomea mhalifu ni sehemu ya starehe, na Craig mwenyewe huigiza wahalifu hao. Kule kuzomea ni utani. Huku nimeona watu wakizomea kwa dhati, mishipa ya shingo imesimama, na jaji akisindikizwa hadi garini.

Ukitaka kuzomea, zomea alama, usizomee maneno. Jaji akiinua ubao wa nambari, haya, nafasi yako hiyo. Akiwa anaongea, funga mdomo, na sababu ni ya kiufundi. Jaji huvaa maiki ndogo kifuani. Mkipiga kelele, mimi nateremsha maiki zenu za juu, lakini kelele zenu bado zinaingia kupitia kifua chake. Nikiiteremsha hiyo, yeye naye ameteremka. Mimi sina kitufe cha kumtenganisha. Na yule kijana aliyesafiri kutoka Bungoma anasimama pale, jasho linamtiririka, anataka kujua tu kama magoti yake yalikuwa sawa, na hasikii.

Ikiwa mshiriki ni mwanao au ndugu yako, hali ni ngumu zaidi, na hapa sina wa kumnyooshea kidole. Msimu wa kwanza mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Kakamega, alifika raundi ya tano. Mimi ni mtu mzima, niko kazini, nimevaa vipokea sauti masikioni. Alipozunguka mara tatu kwa mguu mmoja, vidole viliniingia mdomoni vyenyewe, nikapiga mbinja ile ya kuitia mbuzi. Maiki yangu ya kuongelea na jukwaa ilikuwa wazi. Mbinja ilitoka kwenye spika zote za jukwaani, pale pale miguuni pake. Alisimama. Akatafuta kwa macho mbwa au polisi, sijui, kisha akaendelea, hesabu mbili nyuma ya wimbo hadi mwisho.

Mtayarishaji alikuja taratibu, akainama: "Mzee, hiyo nitaitoa vipi?" Haikutoka. Ilirushwa hivyo hivyo. Mpwa wangu alipanda matatu ya Kakamega bila kuniaga, na saa tatu usiku akanitumia ujumbe: "Mjomba, siku nyingine kaa nyumbani." Tangu siku hiyo akishiriki mtu ninayemjua, maiki hiyo naichomoa kabisa, waya naweka mfukoni. Wewe huna waya wa kuchomoa, basi shika kitu. Kuna mama mmoja wa Nakuru ambaye huja na leso, na mwanawe akipanda anaiuma. Inafanya kazi.

Kwa mlio nyumbani, ambao hamkuomba makelele yoyote, kuna ya kufanya pia. Ingia kwenye mpangilio wa sauti wa televisheni, uitoe kwenye hali ya michezo au ya sinema, uiweke kwenye ile ya habari au ya sauti za watu. Kama kuna sauti ya mzunguko, izime, maana hiyo ndiyo inayowaweka watazamaji wa ukumbini pande zote za sebule yako. Na kama umeiunganisha televisheni na wufa, kama ilivyo kwa nyumba nyingi nilizoingia, punguza besi karibu yote. Uwazi wa maneno hautoki huko chini, huko kuna mdundo na mngurumo tu.

Nilimwelekeza shangazi hivyo kwa simu, hatua kwa hatua, mjukuu wake akibonyeza rimoti. Jumapili alinipigia tena. Sasa anamsikia jaji kila neno, akasema, na afadhali zamani.