SOMO: Kamera na TV janja zisikuchungulie nyumbani kwako

Nimechoka kulijibu hili simu kwa simu hapa Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Sahare. Naliweka hapa, ukiniuliza tena nitakurudisha huku.

1. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta, kile kisanduku kinachotoa wifi. Imebandikwa chini yake, pamoja na nywila. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1.

2. Badili nywila mbili: ya wifi, na ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. Wengi wanabadili ya kwanza tu, ya pili inabaki "admin".

3. Kwenye aina ya usalama wa wifi weka WPA2 au WPA3, ndizo njia za kufunga mawasiliano yake.

4. Zima WPS na UPnP. WPS ni njia ya kuunga kifaa kwa PIN badala ya nywila. PIN hiyo ina tarakimu 8, ila ruta huikagua vipande viwili, kwa hiyo mwenye nia mbaya anamaliza kwa majaribio 11,000 tu. UPnP nayo huiacha kamera ijifungulie njia ya nje bila kukuuliza.

5. Washa wifi ya wageni, hamishia humo kamera, TV na balbu. Simu na kompyuta zibaki mtandao mkuu. Hapa ndipo watu wanapochemka, halafu naitwa usiku. Kamera nyingi za bei ya kawaida zinashika wifi ya masafa ya 2.4 GHz tu. Ukiwasha wifi ya wageni ya 5 GHz peke yake, kamera haitaiona na utadhani imekufa. Tena ruta nyingi huzuia vifaa vya wifi ya wageni visionane na vingine, kwa hiyo kamera zinazorekodi kwenye kisanduku cha NVR (kile kinachohifadhi video) zitapoteana nacho. Na ikigoma, NAKUOMBA, usichokoe kile kitundu cha riseti cha ruta. Kwa wa faiba, riseti inaweza kufuta hata jina na nywila ulizopewa na mtoa huduma, nyumba nzima ikakaa bila intaneti. Piga picha kila ukurasa kabla hujagusa kitu.

6. Badili nywila ya kamera yenyewe, kisha sasisha programu yake. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa malaki duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani. Hakuna ufundi mkubwa uliotumika pale.

MASWALI

— Mkuu ndefu sana hii. Nywila ya ruta yangu ni ipi?
— Hatua ya 1. Pindua ruta.

— Nimebonyeza riseti, sasa hakuna mtandao kabisa. Somo lako limeniharibia.
— Somo limesema usibonyeze, tena kwa herufi kubwa. Mpigie mtoa huduma wako akupe upya jina na nywila.

— Shikamoo fundi. Kamera yangu ya kibarazani hapa Makorora inafika mpaka mlangoni kwa jirani, na jirani kanuna. Nifanyeje?
— Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Igeuze kidogo. Isipotosha, tafuta kwenye programu yake sehemu ya kuziba eneo: unachora kisanduku juu ya ule mlango, hapo panarekodiwa peusi. Kisha mwite jirani aione picha kwenye simu yako, maana maneno matupu hayatamtuliza. Ukiwa na gesti au duka, jua kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na ina Tume yake ya kujisajili. Bandika tangazo kwamba pana kamera.

— Nimenunua kamera ya mtumba, inakataa kujiunga na akaunti yangu.
— Bado imefungwa kwenye akaunti ya mwenyewe wa zamani. Aitoe yeye kwenye simu yake. Kabla ya hapo usiiwashe chumbani, huenda anakuona.

— Kamera zetu za Raskazone zinakufa kila mara, nywila nzuri kabisa.
— Hiyo chumvi ya bahari, dada, si wadukuzi. Maungio ya waya yaingie kwenye kiboksi kisichopitisha maji, na waya uning'inie kitanzi chini kabla ya kuingia humo, maji yadondokee nje.
Na kioo cha kamera ukifute kwa kitambaa chenye maji yasiyo ya chumvi kwanza. Ukikipangusa kikavu, chumvi inakikwaruza.