Jinsi ya kutengeneza sangara wa skrepa wa kuweka bustanini, Mwanza

Kibali kwanza jamani, nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri na mchoro wenye vipimo, eneo ni la umma huwezi kwenda kuchimba tu.

Mi nakushauri mtengeneze sangara, na kwa mwili wake cheni za bodaboda ndo zenyewe. Cheni, sproketi na beringi zilizochoka zimejaa kwa mafundi pikipiki. Mfuniko wa chemba au kibao cha barabarani usinunue hata kwa bei ya bure, hiyo imeibiwa na usiku kuna mtu atatumbukia shimoni. Shokapu nazo ziache, zina mafuta na gesi ndani, ukizipiga moto zinaweza kulipuka. Bomba lenye zinki ondoa zinki kwa grainda pale unapochomelea, vaa maski, fanyia nje, ule moshi unaleta homa.

Cheni loweka kwenye mafuta ya taa, sugua kwa brashi ya waya, osha na sabuni ya unga, anika ikauke kabisa, grisi ikibaki weldi inatoka na vitundu. Fremu suka kwa nondo za mm 12. Sasa magamba, hapa usikimbie: kata cheni vipande vifupi, anzia mkiani uje kichwani, kila mstari ulalie ule wa nyuma yake kama unavyoezeka bati. Ukianzia kichwani magamba yanageuka kinyume, na mvuvi yeyote wa pale Mwaloni, soko la samaki, ataona toka mbali. Tumboni acha tundu, maji yakituama unafuga kutu na mbu.

Watoto watapanda tu, hata uandike nini, kwa hiyo saga meno yote ya sproketi, pitisha kiganja kila mahali, hakikisha mdomoni kichwa cha mtoto hakiwezi kukwama, halafu ning'inieni watu wazima wawili muone kama inacheza.

Msingi ni zege ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mwagilia siku 7 kabla ya kusimamisha. Ukikuta mwamba, na Mwanza utaukuta, toboa uzamishe nondo humo. Nati za kumfunga samaki kwenye msingi zichomelee kwenye bolti, la sivyo samaki wako atarudi kwenye mizani ya skrepa.

Fremu ipige red oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mara mbili kabla hujafunika na magamba, ila pale utakapochomelea acha wazi. Ila cheni naomba msizifiche kwa rangi, pakeni vanishi isiyo na rangi na mrudie kila kiangazi, mtu wa bodaboda akipita aone kabisa kuwa hizi ni cheni.