Kabla ya kununua ubao wa theluji wa kwanza

Ukishaweza kuushuka kwa ubao wa theluji (snowboard) mteremko wa alama ya bluu, yaani wa kiwango cha kati, kwa kona za kulia na kushoto bila kukaa chini, gharama ya kukodi vifaa huanza kuuma. Hapo ndipo sisi tulioko Denver na Aurora, huku Colorado, Marekani, tunapoanza kusaka ubao wa mlima mzima, yaani unaofaa kwenye theluji iliyolazwa na mashine na hata kwenye ile laini iliyoanguka usiku.

Anza na mizani. Ile kanuni ya mtaani kwamba ubao ufike kidevuni iache. Ubao hausikii urefu wako, unasikia uzito. Kila kiwanda hutoa jedwali la kilo kwa kila urefu wa ubao, na mtu wa kilo 75 mara nyingi huangukia kati ya sentimita 154 na 160.

Kisha mguu, na hapa ndipo nilipopotezea pesa zangu. Navaa namba 45. Nilipata ubao wa bei poa, urefu sawasawa, lakini kiunoni, yaani upana wa katikati palipo pembamba zaidi, ulikuwa na milimita 250 tu. Kwenye theluji laini sikuona tatizo. Siku theluji ilipokuwa ngumu nikaegemea vidole nikate kona, na ncha za buti zikalima chini kama jembe. Ukingo wa chuma ukaachia, nikaenda kifudifudi. Kwa hiyo nunua buti kwanza, uende nazo dukani, uzisimamishe juu ya ubao kwa pembe unayosimamia. Zikichungulia kidogo kila upande ni sawa. Wa namba 45 kwenda juu atafute ubao mpana, wa milimita 260 hivi kiunoni.

Umbo nalo lina maneno yake. Kemba ni ubao ulioinuka katikati kama daraja. Hushika vizuri kwenye barafu, ila ukizembea ukingo hukunasa ghafla. Roka ni kinyume chake, umejipinda kama mtumbwi: hugeuka kirahisi, lakini pagumu huteleza. Kwa aliyefika kiwango cha kati napendelea mchanganyiko, kemba chini ya miguu na ncha zilizoinuka. Ugumu uwe 4 hadi 6 kati ya 10, ukikumbuka kwamba kila kiwanda kina kipimo chake, kwa hiyo ukunje kwa mkono wako.

Mbao nyingi mpya za aina hii huuzwa dola 400 hadi 600. Subiri Machi au Aprili, maduka yanapopunguza mzigo. Mara nyingi ubao wa msimu uliopita na wa msimu huu hutofautiana michoro tu. Wala usikimbie ule ambao tumbo lake, yaani upande wa chini unaoteleza, ni la plastiki ya kuyeyushwa. Haukimbii kama ule wa unga wa plastiki ulioshindiliwa, ila haudai nta kila mara na kuuziba ni rahisi.

Ukinunua wa mtumba, ulaze kifudifudi mezani na uupeleke kwenye mwanga. Pitisha kidole taratibu kando ya ukingo wa chuma wote; penye ufa utaguswa na kipande kilichojitenga. Bonyeza kwa dole gumba kuzunguka ncha. Pakibonyea na kurudi, matabaka yameachana, rudisha pesa mfukoni. Mikwaruzo haina neno, lakini shimo linaloonyesha mti wa ndani huingiza maji, na maji huozesha.

Mwisho, vifungo vya miguu. Mbao nyingi zina matundu ya skrubu, ila za kampuni ya Burton zina mfereji katikati, na si kila sahani ya kifungo huukubali. Nenda na vyako pamoja na bisibisi, ufunge skrubu zote palepale kabla ya kulipa. Moja ikizunguka bila kukaza, tundu limeharibika, na kulitengeneza kunaweza kula punguzo lote ulilopata.