Kabla ya Kuwapakia Watoto Garini: Vijiji vya Rajasthan

Ramani ndiyo ya kwanza kukudanganya. Delhi, mji mkuu wa India, hadi Jaipur, mji mkuu wa jimbo la Rajasthan, ni kama kilomita 270 za barabara kuu nzuri, basi mtu anapiga hesabu ya haraka na kujaza ratiba. Lakini utamu wa Rajasthan uko pembeni, kwenye njia nyembamba za vijijini, na huko kilomita 100 zinaweza kula saa tatu. Kuna matuta yasiyopakwa rangi, mikokoteni ya ngamia, ng'ombe waliojilalia katikati ya lami, na matrekta yenye shehena ya majani makavu iliyofurika pande zote. Pangeni safari kwa saa za mwanga, si kwa kilomita. Ondokeni alfajiri, fikeni jua halijazama. Usiku, trekta lisilo na taa hulioni mpaka umelifikia.

Usiendeshe mwenyewe. Najua, Wahindi kama sisi hushika kushoto, na aliyezoea barabara zetu hujiona ameshaiva. Ila honi kule ni lugha kamili. Malori yenyewe yameandikwa nyuma yakiomba yapigiwe. Kodi gari lenye dereva, kibao chake cha namba kiwe cha njano, yaani cha biashara. Kabla ya kulipa, pateni maandishi: mafuta ni ya nani, ushuru wa barabara, kodi ya kuvuka jimbo, posho ya dereva akilala njiani. Kisha funua vitambaa vya viti vya nyuma, maana mikanda mara nyingi imefukiwa humo. Kiti cha mtoto mdogo beba chako.

Nendeni kati ya Oktoba na Machi. Mei na Juni ni tanuri: Phalodi, mji wa jangwani, ulifika nyuzi 51 Mei 2016. Desemba na Januari zina ukungu mzito asubuhi, na hapo ile kanuni yangu ya alfajiri inavunjika. Kunyweni chai kwanza, jua liuondoe. Sweta zisisahaulike, jangwa huwa baridi usiku.

Njiani mtakula kwenye dhaba, migahawa ya madereva. Ifuateni yenye malori mengi, kwa sababu chakula hakilali. Chapati na dengu za moto watoto watazitambua, pilipili ndiyo itawaliza. Sema "bina mirch", bila pilipili. Pushkar, mji mtakatifu wa Wahindu, msitafute nyama wala mayai. Maji yawe ya chupa, na kizibo ukague mwenyewe. Pakiti za ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji mtu akiharisha), sabuni na karatasi za chooni zikae karibu, si chini ya mabegi.

Anayetoka Kenya au Uganda aje na kadi ya homa ya manjano, chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuingia. Hoteli zitadai pasipoti za wote, watoto wakiwemo. Muuza chai wa kijijini hupokea malipo kwa simu, lakini pesa zako za simu za nyumbani hazifanyi kazi pale, kwa hiyo chenjini noti ndogondogo za rupia mkiwa bado mjini. Namba ya dharura ni 112. Iandikeni kwenye simu ya kila mmoja, na ya dereva pia. Mwenye tabia ya kutapika akae dirishani.